Paka wa Terezín

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo? Watoto wote wazima? Sisi huku Leipzig tunashukuru, baridi tu ndiyo inatunyanyasa. Wiki ya tatu hii Salma hatembei humu ndani, ananyata. Ukimwita anakujibu "nyau". Shuleni kwao wanaandaa mchezo wa kuimba uitwao Brundibár, naye kapewa upaka.

Wewe unayefundisha maigizo utaupenda. Kaka na dada, mama yao anaumwa, anatakiwa anywe maziwa, na hela hawana. Wanakwenda kuimba sokoni wapate chochote, lakini mpiga kinanda mmoja, ndiye Brundibár, anawatimua. Basi shomoro, paka na mbwa wanakusanya watoto wa mtaa mzima, wanaimba kwa pamoja mpaka jeuri yule anasalimu amri. Nikasema, aa, hizi si ndizo zetu za sungura na fisi?

Kumbe! Aliyetunga muziki, Hans Krása, alikuwa Myahudi wa Prague. Wanazi walimfunga Terezín, kambi ya Wayahudi huko Cheki, na humohumo, kuanzia Septemba 1943, watoto wafungwa waliucheza mchezo huu mara 55 hivi. Juni 1944, Msalaba Mwekundu walipokuja kukagua, Wanazi walipaka nyumba rangi, wakapanda maua, na watoto wakaletwa kuimba, ili wageni waondoke wakijua pana heri. Miezi michache baadaye Krása na wengi wa watoto wale walipakiwa kwenye mabehewa, wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji. Krása aliuawa huko Oktoba mwaka uleule.

Sikufichi, nilimwendea mwalimu wao nimefura. Mtoto wa miaka 11 unampa habari hizo za nini? Sisi hata akifa jirani tulifungiwa ndani tusione jeneza likitoka. Hakubishana nami. Alinivutia kiti nitazame mazoezi.

Ukaanza wimbo wa mwisho, wa ushindi. Mwalimu akawa anapita nyuma yao, anagusa bega moja moja. Aliyeguswa anashuka jukwaani kimya, mwingine anapanda kushika nafasi yake, na wimbo haukatiki. Ndivyo ilivyokuwa Terezín: treni ikishaondoka kwaya imepungua, wanatafutwa watoto wengine, wanafundishwa, mchezo unaendelea. Mwanaidi, nililia kama niko matangani, wazazi wa Kijerumani wakabaki kunikodolea macho.

Paka wa Terezín, Ela Weissberger, alisalimika. Alifikishwa pale akiwa na miaka 11, sawa na Salma. Alikuwa akisimulia kwamba wakiwa jukwaani tu ndipo waliporuhusiwa kuvua ile nyota ya njano waliyolazimishwa Wayahudi kuivaa. Alihamia Marekani, na hata uzeeni alikuwa akifunga safari kwenda kuwaona watoto wakiucheza, mwishoni anaimba nao. Alifariki 2018.

Sasa juzi zililetwa nguo za mchezo, na kila moja imeshonewa nyota. Salma kagoma kuvaa. Anasema paka hakuwa nayo, na yeye ni paka. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaomba mkasi.

Wanacheza Ijumaa. Nitakurekodia. Mkia nimeushona kwa ile kanga uliyonipa siku ya kuniaga, usininunie.

Nisalimie mama.

Wako,
Zuhura