Bure gani hiyo inayolipiwa mara 13 kwa mwaka?

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu bima za afya za Marekani ilimaliza suala la uzazi wa mpango kwa sentensi moja: kwamba tangu sheria ya bima ya afya ya 2010 (Obamacare) wanawake kule wanaupata bure. Sentensi hiyo imerudiwa mwaka hadi mwaka, nasi tunaotoa dawa tumekaa kimya. Sasa imetosha.

Sheria ipo, tena nzuri. Inazitaka bima nyingi, kwa mikataba iliyoanza Agosti 2012 na kuendelea, zilipie walau bidhaa moja katika kila kundi la njia za wanawake: vidonge, sindano, kijiti, kitanzi, kufunga kizazi na kadhalika, bila mteja kuchangia hata senti. Shida inaanzia dirishani pa duka la dawa.

Pakiti ya vidonge ina vidonge 28, si 30. Kwa hiyo mwaka una pakiti 13, si 12, na mwanamke asiyeingia kwenye huo msamaha wa kutochangia anachangia mara 13. Bima ikihesabu mwezi kwa siku 30, kila pakiti inamchelewesha siku 2, na hizo ndizo siku mbaya kuliko zote za kukosa dawa. Kwenye pakiti ya kawaida anakuwa ametoka kumeza vidonge 7 visivyo na homoni. Akiongeza siku ya 8 na ya 9 bila dawa, yai linaweza kukomaa. Halafu akishika mimba anaambiwa alisahau kumeza.

Linaloniudhi zaidi ni dawa kukataliwa wakati daktari ameshaamua. Mama ana kipandauso cha kuona mimuliko, kwa hiyo vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai, vinaongeza hatari ya kiharusi. Anafanya kazi za zamu, leo usiku, kesho mchana. Daktari anamwandikia drospirenone miligramu 4, kidonge kisicho na estrojeni, kwa sababu akichelewa saa kadhaa bado kinga ipo. Dawa hiyo inavumilia hadi saa 24. Mfamasia anaingiza cheti, kompyuta inajibu: imekataliwa, aanze na norethindrone miligramu 0.35, kidonge kingine kisicho na estrojeni. Hiyo nayo ni dawa nzuri, ila inataka saa ileile kila siku. Ukipitiliza saa 3 unahitaji kondomu siku 2 zinazofuata. Kwa mtu wa zamu huo ni mtego. Mwongozo wa serikali ya shirikisho uko wazi: daktari akisema bidhaa fulani ndiyo inayomfaa mgonjwa huyu, bima ikubali neno lake, ilipie yote, na iwe na njia nyepesi na ya haraka ya kuomba. Kinachotokea ni fomu ileile ya kuombea dawa nyingine zote, itumwe kwa faksi, na ni Ijumaa jioni, ofisi ya daktari imefungwa. Mama amesimama na kadi mkononi. Alipe bei nzima, achukue isiyomfaa, au aondoke mikono mitupu. Hapo neno bure limekwenda wapi?

Kitanzi nacho kina mtego wake. Kifaa kinalipiwa, kisha baada ya wiki kadhaa inafika bili ya kipimo cha mimba kilichofanywa kabla ya kukiweka. Kipimo hicho ni sehemu ya huduma na hakitakiwi kuchangiwa. Mara nyingi kosa liko kwenye misimbo, yaani namba zinazoieleza bima huduma iliyotolewa: kliniki imepeleka madai bila Z30.430, ambayo ni ya kuweka kitanzi, au bila alama 33 ya huduma ya kinga. Usilipe bili hiyo kwanza. Mwambie karani wa kliniki asahihishe madai na kuyatuma upya.

Na kwa nini mzigo wote uwe wa mwanamke? Kumfunga mwanaume uzazi ni upasuaji mdogo wa ganzi ya sehemu tu, mwepesi na salama kuliko kumfunga mkewe, lakini sheria ya shirikisho haiilazimishi bima kuulipia. California na Maryland zimeulazimisha, ila waajiri wanaolipia matibabu ya wafanyakazi kwa fedha zao wenyewe hawaguswi na sheria za majimbo. Vilevile Opill, kidonge cha uzazi wa mpango kilichoidhinishwa 2023 kuuzwa bila cheti: sheria ya shirikisho inairuhusu bima kudai cheti kabla ya kukilipia.

Dawa ya haya yote si ngumu. Nyuma ya kila kadi ya bima ichapwe namba moja ya simu ya maombi ya uzazi wa mpango, ipokewe na mfamasia, usiku na mchana. Fomu iwe ya ukurasa mmoja: jina la dawa, sababu, saini ya daktari. Zikipita saa 24 bila jibu, duka litoe dawa na bima ilipe. Na pakiti zote 13 zitolewe kwa mkupuo. Oregon ilipitisha sheria 2015: miezi 3 ya kwanza ya kuizoea dawa, kisha miezi 12 kwa pamoja. Utafiti wa California uliochapishwa 2011 ulikuta kwamba waliopewa vidonge vya mwaka mzima walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 30 wa kupata mimba wasiyoipanga, wakilinganishwa na waliopewa pakiti 1 au 3.

Tunaomba mchapishe masahihisho, na yawe ukurasa uleule ilipokaa ile sentensi.

Mfamasia