Baiskeli ya gia mliyoniuzia Tanga: nataka haki yangu

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Asalaam aleikum na poleni na kazi. Naandika kwa heshima maana ndivyo nilivyolelewa, ila uvumilivu umebaki kidogo sana, na naomba msome mpaka mwisho msinirudishe tena kwa msimamizi wenu wa duka la Tanga, kwasababu ndo yeye mwenyewe ninayemlalamikia.

Mambo ya risiti na waranti siyaelezi, sera mmeandika wenyewe na mnaijua. Baiskeli niliyoonyeshwa dukani nikailipia laki sita na nusu ilikuwa na sproketi (visahani vya meno vinavyoshika cheni) tatu mbele, meno 48, 38 na 28, na nyuma 14 mpaka 34. Nilimwambia muuzaji wazi kabisa mi nasambaza mikate, kreti mbili juu ya keria, natoka Makorora naenda mpaka Mwambani, njiani kuna mchanga, na miezi ya kusi upepo unanipiga usoni, kwahiyo nataka gia ya chini iwe nyepesi kweli, ya juu sina shida nayo. Akasema sawa mama, mpya ipo stoo, kesho uje uchukue. Kesho yake nikakabidhiwa baiskeli rangi ileile, fremu ileile, imezungushiwa maplastiki, kumbe mbele ni 53 na 39 na nyuma 11 mpaka 25. Hizo ni gia za watu wa mashindano.

Na msiniambie gia ni gia. Fundi wangu wa Ngamiani amenihesabia meno mbele ya macho yangu. Kwa 53 mbele na 11 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inakwenda mita kumi. Nikikanyaga taratibu tu, mizunguko 60 kwa dakika, natakiwa niwe spidi ya kilomita 36 kwa saa. Na mikate? Wapi hapa Tanga mtu mwenye mzigo anakwenda hivyo? Zile sproketi ndogo za 11, 12 na 13 sijazigusa na sitazigusa, yani nimelipia vyuma vya mapambo. Ile ya 48 kwa 14 niliyoichagua ingenipa zaidi ya kilomita 25 kwa saa kwa mwendo huohuo wa miguu, na kwa mtu wa kawaida wa mjini hiyo inatosha na kubaki.

Shida yenyewe iko kwenye gia ya chini, maana pedeli ikikusogeza kidogo kwa mzunguko ndo inakuwa nyepesi. Gia nyepesi kuliko zote kwenye hii mliyonipa ni 39 kwa 25, mzunguko mmoja wa pedeli unanisogeza kama mita tatu na robo. Ile niliyolipia, 28 kwa 34, ni mita moja na robo tatu hivi, karibu nusu yake. Uzito wa pedeli mmeniongezea karibu mara mbili kimyakimya! Najua atakayenijibu atasema mbona bado ni nyepesi kuliko baiskeli yangu ya zamani ya gia moja, 44 kwa 20, iliyokuwa inanivuta karibu mita tano. Ndiyo, ni nyepesi kuliko ile. Lakini mi sikutoa laki sita na nusu ili nipate unafuu wowote ule, nilitoa kwa unafuu niliouchagua na nikaonyeshwa. Kwenye mchanga na upepo wa kusi mwendo unashuka mpaka miguu inazunguka polepole sana, kila pedeli unaisukuma kwa nguvu zako zote kama unafungua nati iliyoshika kutu, na hapo ndo magoti yanapokufa. Usiku siwezi kukunja mguu kuswali.

Sasa nije kwa siku ile. Niliirudisha dukani nikitokea kazini, kreti bado ziko kwenye keria. Dukani kuna wateja. Nikaeleza kwa upole kabisa. Msimamizi wenu hakuangalia baiskeli, hakuhesabu hata jino moja. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Gia ziko sawa, kilichochoka ni magoti yako. Hizi baiskeli za vijana, mama, katafute guta." Watu wakacheka.

Mimi nimeendesha baiskeli tangu nikiwa msichana. Huu ni mji wa baiskeli, akina mama wa Tanga tunapanda na mabaibui yetu, tunakwenda sokoni, tunakwenda shambani, tunapeleka watoto shule, hakuna anayetushangaa. Leo niambiwe baiskeli si yangu, na mtu aliyekula pesa yangu?

Baada ya mi kupiga simu kwenu Dar mara kadhaa (mnazo rekodi), ndo msimamizi akaniita akasema yameisha, watanifungia sproketi ndogo ya 34 mbele. Nikafurahi. Nikaiacha baiskeli pale, mikate nikawa naipeleka kwa bodaboda, faida yote inaishia kwenye nauli. Nikaja kuichukua, 39 ileile iko palepale, wamepaka grisi tu! Fundi wangu akanionyesha sababu, na hii ndo inayoniuma maana watu wa kampuni ya baiskeli wanatakiwa wajue: hiyo kranki (mkono wa pedeli unaofungiwa sproketi za mbele) matundu yake ya bolti yako kwenye duara la milimita 130, na duara hilo halipokei sproketi chini ya meno 38. Hiyo 34 haiingii hata ukiomba dua. Ili iingie lazima ubadili kranki nzima. Na nyuma napo kile kimkono kinachohamisha cheni ni kifupi, cha baiskeli za mbio, ukiweka sproketi ya 34 nyuma hakifiki, nacho kinataka kubadilishwa. Kwahiyo ama msimamizi wenu alikuwa hajui anachouza, ama alijua akanidanganya ili ninyamaze. Mniambie ni lipi.

Narudia siku ile, kwasababu mkinisoma haraka mtaona ni maneno ya dukani tu. Nilikuwa natoka jasho, sijakaa, sijapewa hata kiti. Alivyosema katafute guta hakuishia hapo, alishika tandiko akasema, "Panda basi tuone," akatoa simu yake kama anataka kunirekodi. Pale pale dukani! Mtu mzima, na baibui langu, na kreti zangu, nipande nizunguke mbele ya vijana ili wapime magoti yangu. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kila siku ananunua mkate kwangu, ameniona nikidhalilishwa hivyo. Binti wa kaunta aliinamisha kichwa, yule alijua ni vibaya. "Kilichochoka ni magoti yako." Kijana umri wa mwanangu wa mwisho ananiambia hivyo, na kosa ni la stoo yenu.

Mwanzo nilikuwa nataka jambo moja tu, mnibadilishie niletewe ile niliyoichagua. Mngefanya siku ileile tungekuwa tumeshasahau. Sasa hapana. Nataka pesa yangu yote, laki sita na nusu, pamoja na nauli za bodaboda kwa muda wote baiskeli ilipolala dukani kwenu, na hela niliyotoa hospitali ya Bombo kwa ajili ya goti, karatasi ninazo. Na msimamizi aniombe radhi palepale dukani, wateja wakiwepo, sio kwenye simu.

Na mfahamu pia kikoba chetu cha akina mama tulikuwa tumeshapanga kununua baiskeli kwenu, kila mmoja na yake, za kubebea biashara. Hilo limekufa. Tutakwenda kwenye mitumba ya Japani, angalau pale unaona meno unayoyalipia. Na huku mtaani naelekeza kila anayeniuliza: kabla hujatoa pesa hesabu meno ya mbele na ya nyuma, sproketi kubwa ya nyuma ifikie au ipite kwa meno ile ndogo ya mbele kama unabeba mzigo, na uondoke na hiyohiyo uliyoihesabu, usikubali ya stoo.

Nawapa mpaka Ijumaa ijayo. Ikipita bila pesa mkononi, barua hii pamoja na picha za sproketi, risiti na majibu ya fundi naipeleka Tume ya Ushindani, na madai ya pesa nayapeleka mahakamani hapahapa Tanga. Baiskeli iko nyumbani, sijaitupa, mtaondoka nayo mkija na pesa.

Mteja wenu,
Mama wa mikate, Makorora, Tanga.