Barua ya tatu

Shangani, Mtwara
20 Novemba

Somo yangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, mvua bado, joto la kutoa roho. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Bi Mkubwa, utanitukana tukionana. Leo nina shida, na wa kunitoa ni wewe uliye huko Morogoro.

Naomba nafasi ya PhD Marekani, vyuo vitatu. Usicheke. Hivi nilivyoomba, idara ikikuchukua inakulipia ada na posho juu, nawe unasaidia kufundisha au unafanya kazi kwenye maabara ya profesa. Nilipomweleza baba mdogo akaweka kikombe chini: "Ulipwe kusoma? Matapeli hao, watakutoa figo." Sasa nikishika simu tu ananiuliza kama wameshaomba hela. Sijathubutu kumwambia kuwa ada ya maombi ipo, chuo kimoja dola 90. Niliandika kuomba nisamehewe. Viwili vikakubali, cha tatu kimya.

Maelezo ya utafiti nimemaliza: ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nimeandika habari za shamba la mama, ule mwaka aliochelewa kupata dawa ya salfa, maua yakavaa unga mweupe yakakauka, hata bibo la kuonja hatukuokota. Profesa mmoja kule alinijibu siku ya pili, anauliza tunapuliza mara ngapi kwa msimu. Somo, nililia kidogo.

Kinachoninyima usingizi ni barua ya tatu ya mapendekezo. Mfumo unamtumia mwalimu kiungo kwenye barua pepe yake, apakie mwenyewe, mimi hata kuiona hapana. Dokta wetu, na ile miwani yake juu ya paji, akasema, "Andika, niletee nisaini." Nikamweleza hawataki hivyo. Akasema sawa. Wiki ya tano hii. Kila usiku nafungua ukurasa: majina mawili yana alama ya kijani, lake bado limeandikwa haijapokelewa. Nikipiga hapokei. Ujumbe anausoma, tiki zimekuwa bluu, basi.

Mwisho ni tarehe 1 Desemba saa sita usiku ya kwao, yaani saa mbili asubuhi ya tarehe 2 kwetu, umeme ukikubali. Pita ofisini kwake asubuhi kabla hajaingia darasani. Usigombane naye, nakujua. Kaa hapo hapo mpaka afungue barua pepe, atazame na kwenye barua taka, huwa zinaangukia huko. Nimetuma korosho na basi, kilo mbili: moja yake, moja yako. Usimpe yake kabla hajapakia.

Bado yuko ofisi ile ya juu? Alhamisi una kipindi? Na yule wa maabara aliyekwenda Ujerumani, ni kweli amepewa mkataba kama mfanyakazi, ana mshahara kabisa? Niulizie alianzaje. Mtoto meno yameshatoka? Ukimkuta Dokta nipigie ukiwa mlangoni kwake, hata usiku wa kuamkia mtihani nitapokea.

Somo wako