Fulana ya Bure kwa Shilingi 25,000

Temeke, Jumatano usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Watoto wazima, mama mzima, goti langu la kushoto ndiyo hivyo hivyo. Umeuliza bonanza la klabu yetu ya kukimbia lilikwendaje, ukaongeza kwamba picha zimependeza, tumekuwa kama klabu ya mabenki. Kweli zimependeza. Nakuandikia kwa ajili ya yale ambayo hayamo kwenye picha, na naandika badala ya kukurekodia sauti kwa sababu mambo ya hesabu yakipita mdomoni yanageuka umbea.

Unakumbuka tulivyoanza. Watu wanane, Mwembeyanga, saa kumi na mbili kasoro, kila mtu anatoa buku ya maji na wewe ndiye mshika hela. Ikizidi tunakunywa supu, ikipungua tunaomba maji kwa mama wa vitumbua. Hakuna aliyekuuliza hesabu maana hesabu ilikuwa kiganjani mwako, tunaiona. Leo tuko zaidi ya 140 kwenye daftari, tuna mwenyekiti, katibu, katiba yenye muhuri na klabu 12 tunazoalikana nazo. Hesabu nayo imehama kiganjani, iko ndani ya simu yangu mimi mweka hazina.

Mwaka huu mwenyekiti akapata mdhamini, kampuni ya vinywaji. Jina silitaji, barua hizi huwa zinasomwa na shemeji. Wakasema watatoa fulana 200, vinywaji na milioni mbili taslimu. Tulipiga makofi mpaka majirani wakatoka nje. Miaka yote tumechangishana kwa tabu, halafu anakuja mtu na milioni mbili!

Fulana zikaja. Kifuani nembo yao, mgongoni nembo yao tena, na jina letu kwenye mkono wa kushoto kwa herufi za ukubwa wa punje ya mchele. Hilo wengi walilimeza. Lililokwama kooni ni ada. Ilikuwa 10,000, kamati tukaipandisha mpaka 25,000. Siku ya kugawa, yule dada fundi cherehani wa Tandika akaikunjua ya kwake, akaipima kitambaa kwa vidole kama anataka kukadiria bei, akauliza kwa upole kabisa: "Hii tumepewa au tumenunua?" Mwenyekiti akajibu tumepewa. "Basi ile 25,000 ni ya nini?" Akajibu: "Ya maandalizi."

Neno "maandalizi", shoga, lingekuwa mtu lingekuwa kifungoni siku nyingi. Kufika jioni kundi la WhatsApp linawaka. Wapigaji hao. Bodaboda mpya ya mwenyekiti imetoka wapi? Bodaboda ile imetoka kwenye mkopo wa SACCOS, na mdhamini wa mkopo huo ni mimi hapa, lakini ningelisema hilo ningeonekana naye tunagawana.

Ikabidi nikae chini. Siku tatu, usiku, baada ya watu kulala, mimi na meseji za simu na risiti nilizozitoa kwenye pochi, kwenye droo, nyingine ndani ya msahafu. Tulichangisha kwa watu 96, hiyo ni 2,400,000. Ongeza milioni mbili za mdhamini. Jumla 4,400,000. Sasa sikiliza. Mdhamini alitaka kila mgeni avishwe medali yenye utepe wa rangi zao, lakini medali zenyewe tukazilipia sisi, 250 kwa 4,000, milioni moja hiyo. Alitaka muziki mkubwa na MC anayejulikana: laki sita. Matenti na viti ili wakubwa wao wasipigwe jua: laki nne. Mabango yao, 120,000. Mpiga picha wa kuwapelekea picha ofisini kwao, laki moja. Nikavijumlisha vitu hivi vitano peke yake, vitu ambavyo kabla ya hapo hatukuwahi kuwa navyo wala kuvililia. 2,220,000. Yaani alitupa milioni mbili akatuletea matumizi ya milioni mbili na laki mbili na ushee, na hiyo laki mbili na ushee akailipa yule fundi cherehani na wenzake.

Nilicheka peke yangu jikoni. Hakuna mwizi. Tumekodisha vifua na migongo yetu, na kodi tukailipa sisi.

Usinielewe vibaya, mdhamini si shetani. Mbio za Kilimanjaro kule Moshi zimekuwepo tangu 2003 na kwa miaka mingi zimebeba jina la bia, na hakuna anayenuna. Mtu analipa akijua anakwenda kwenye shughuli ya kampuni, anapata medali yake na picha ya mlima, anarudi. Wetu walilipa wakijua wanakwenda kwao.

Na wewe nimekuwa nikikufikiria sana wiki hii kwa sababu ya ile parkrun yako huko Uingereza, zile mbio za bustanini za Jumamosi saa tatu. Ulipoanza kunisimulia sikuamini kwamba hulipi kitu. Kijana wangu akanitafutia habari zake: imeanza Oktoba 2004 katika Bushy Park, London, wakimbiaji 13, karibu sawa na sisi wa buku ya maji. Halafu akaniambia jambo la hapo hapo jirani na kwenu Bristol. Mwaka 2016 baraza la Stoke Gifford lilipiga kura, 6 kwa 4, mbio za bustani ya Little Stoke zilipiwe kwa sababu watu wanachakaza njia. Wenye parkrun wakakataa kutoza, wakaacha kukimbia pale. Niliona ni ukaidi. Sasa naanza kuwaelewa. Na bado wana wadhamini, wana wafanyakazi wa mshahara ofisini, ila ni shirika la hisani lililosajiliwa, kwa hiyo hesabu zao za mwaka ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Wewe umewahi kuzisoma? Najua hujawahi. Mtu akijua mlango haukufungwa hana haraka ya kuchungulia.

Huku kwetu, kwani hatujui? Kanisani wanatangaza matoleo ya Jumapili iliyopita mpaka shilingi mia. Msikitini baada ya Ijumaa unaambiwa sanduku limepata kiasi gani. Serikali ya mtaa inatakiwa isome mapato na matumizi kila miezi mitatu, na isiposoma wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza kusimama na khanga yako kiunoni. Kamati ya harusi isiposoma matumizi siku ya kuvunja kamati, ukoo mzima unajua. Lakini tukishavaa raba tunakuwa ndugu, na ndugu hadaiwi risiti. Nilishawahi kukaa kwenye kikao mtu akiomba hesabu, tukamwambia kwani hutuamini?

Sasa nifike kwangu, maana nimekuzungusha.

Kwenye zile meseji niligundua kwamba bonanza zetu tatu zilizopita zote zilipungukiwa, na zote nilizijazia mimi. Ya kwanza 90,000, ya pili 136,000, ya mwaka jana 186,000. Hela ya vitenge vyangu. Sikumwambia mtu. Nilijiona mwema, nikilala nalala vizuri, nasema Mungu ananiona. Nyingine ni makato tu: mtu anatuma ada bila ya kutolea, nikienda kwa wakala naikuta imemegeka, nikamwambie nini mtu aliyetoka kuuza mchicha? Najazia.

Unaona nilichokifanya? Miaka mitatu watu wanaamini bonanza linaendeshwa kwa 10,000, na wana haki ya kuamini hivyo, maana kila mwaka 10,000 ilitosha. Niliwaficha bei. Ilipopanda kwa mkupuo wakaona wizi, na mtu yeyote mwenye akili angeuona hivyo hivyo. Mwenyekiti anatukanwa kwa ajili ya ukarimu wangu.

Na kuna jingine limeninyima usingizi zaidi. Baada ya matumizi yote ya mwaka huu zilitakiwa zibaki 215,000. Mkononi nina 176,500. Hizo 38,500 sijui ziko wapi. Zimechanganyika na hela ya biashara, namba ni hiyo hiyo, nimenunua unga, nimelipa mzigo wa Kariakoo, nimemtumia mama dawa. Nimekula hela ya klabu, shoga, bila kujua nimekula siku gani. Klabu inanidai 38,500 na mimi kwa njia nyingine naidai 412,000, na hakuna hata moja iliyoandikwa mahali.

Nilipomwonyesha mwenyekiti akasema rahisi, kata kwenye zile ulizojazia, jumla inakaa sawa, nani atajua. Nikamwambia hapana, nitaandika mstari: 38,500, mweka hazina hajui. Akashika kichwa. "Ukiandika hujui watasema umekula." Nikamwambia si ndiyo nimekula?

Kijana wangu, yule mpenda katuni za Kijapani, aliposikia tunabishana akanisimulia kisa cha Marekani mwaka 2014. Mashabiki waliojuana mtandaoni waliitisha mkusanyiko wao kwenye hoteli, Schaumburg, jimbo la Illinois, wakauita DashCon. Usiku wa kwanza waandaaji wakapanda jukwaani: hoteli inataka dola 17,000 usiku huu huu la sivyo tunafungiwa. Watu wakachanga na zikapatikana! Baadaye wageni waalikwa wakaondoka bila kulipwa, na waliokuwa wamelipia viti vya mbele wakafidiwa kwa saa moja ya ziada ndani ya kidimbwi cha mipira ya plastiki, kile cha kuchezea watoto. Kijana anacheka mpaka machozi. Mimi nilibaki pale pa kuchanga. Hawakuonyeshwa karatasi yoyote na bado walitoa. Ni sisi hao hao. Ukituambia kuna dharura tunafungua pochi kwanza, maswali tunaona aibu kuyauliza mbele ya msiba.

Kuna mawili madogo. La posho: kamati tulijilipa 30,000 kila mtu siku ya bonanza, watu watano, na mimi nilipokea. Hatukuiba, tulikubaliana wenyewe, na hapo ndipo palipo na kasoro. Yule fundi makenika alitoa Canter yake siku mbili bure, hakupewa hata soda. Nilitaka niiandike Canter kwenye hesabu kwa bei ya kukodi ili watu wajue alichotoa. Akakasirika kweli. Anasema nimetoa kwa moyo, ukiniandikia bei umenigeuza muuzaji. Mpaka leo tunabishana. Nimeafiki kuandika "Canter, imetolewa, dizeli 40,000." Nadhani yuko sahihi, lakini nikikaa naona na mimi ningesema hivyo hivyo juu ya zile 412,000, na tumeona zilikotufikisha.

La pili, na hili limeniudhi kuliko fulana: mdhamini aliomba orodha ya wanachama na namba zao za simu "kwa ajili ya bima", akapewa. Bima sikuiona. Meseji za matangazo tunaziona kila siku, mpaka yule bibi wa miaka 67 anayetembea nyuma na fimbo anaulizwa kama anataka kushinda pikipiki. Namba za watu si mali yetu kuwapa. Mwenyekiti hilo amekubali bila ubishi, ameandika barua zifutwe. Zikifutwa nitakwambia.

Jumapili hii nasoma. Nimeomba isomwe baada ya kukimbia na kabla ya supu, maana baada ya supu watu wanasamehe upesi. Karatasi ya manila itabandikwa kwenye kontena la mama wa vitumbua na itakaa hapo mwezi mzima. Namba ya malipo tumeomba mpya, ya klabu, ya kuidhinishwa na watu wawili, na mmoja wao nimependekeza awe fundi cherehani. Kujaza pengo ni marufuku, likiwepo lisomwe kama pengo. Zile zangu 412,000 sizidai, ila nitazisoma, waamue wenyewe wanazifanya nini. Ikibidi niache uweka hazina nitaacha, mapafu bado yangu.

Juu ya mdhamini wa mwakani hatujakubaliana. Mwenyekiti anataka arudi kwa masharti yetu. Fundi makenika hataki kumsikia. Mimi nasema asomwe kwanza yeye na alichotugharimu, halafu tupige kura.

Nimetafuta risiti mpaka nikaliibua lile daftari letu la kwanza, lenye jalada la bluu, mwandiko wako ule wa kulala. Limelowa pembeni lakini linasomeka. Ukurasa wa mwisho ulioandika kabla hujapanda ndege kuna majina ya wasiolipa maji. La tatu ni lako: 3,000. Nimelinakili kwenye manila, liko chini kabisa, karibu na langu.

Shemeji msalimie, wanangu wabusu.

Mimi shoga yako,
Mweka hazina (mpaka Jumapili)