Amri Abedi si Karume

Mhariri,

Tangu nistaafu ualimu nasoma gazeti lako kimyakimya, makosa yake nayameza na chai ya asubuhi. Ile habari ya mechi ya Arusha, ya Jumapili, imenikwama kooni. Eti "Uwanja wa Sheikh Amri Abeid Karume". Karume katokea wapi?

Karume ni Abeid Amani, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeuawa 1972. Uwanja wetu ni wa Kaluta Amri Abedi, mtoto wa Ujiji, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, tena mkoloni hajafungasha virago. Baadaye akawa Waziri wa Sheria. Alifia Ujerumani 1964, bado waziri, umri miaka 40 tu. Hata hiyo "Abeid" ya uwanjani imechangia balaa. Mwenyewe aliandika Abedi.

Sasa sikia. Mjukuu wangu aliulizwa shuleni uwanja huo una jina la nani. Akajibu nilivyomfundisha, akapigwa mkasi. Nikachukua bakora yangu nikaenda. Mwalimu, kijana mwenye adabu zake, akaniamkia shikamoo, akanivutia kiti, kisha akafungua simu kunionyesha ushahidi. Ushahidi wenyewe gazeti lako, Mhariri! Mtoto kakoseshwa kwa sababu kasema kweli, na aliyepotosha analipwa mshahara mwisho wa mwezi. Nilirudi nyumbani mikono ikinitetemeka, na si uzee.

Lakini nashangaa nini? Shehe Amri huyu ndiye aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi, 1954, kitabu nilichofundishia vina na mizani mpaka kikachanika jalada. Nyinyi ukurasa wa mashairi mmeuminya hadi ukawa kipande cha kufungia karanga, kisha mikeka ya kubeti mkaipa kurasa mbili nzima. Mtu asiyejua beti anajua kubeti.

Msiniombe radhi. Mwandishi wenu na atunge tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya beti sita juu ya maisha ya meya huyo, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, ichapwe palepale penye mikeka. Kuhesabu nitahesabu mimi, bure. Shairi likitoka guni, yaani limekosa vina au mizani, arudie.

Mwalimu mstaafu,
Arusha