Barua kwa Rehema: Mwajuma Bado Simjui

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salamu sana. Huku wote hatujambo, mama anakusalimu na anaulizia kanga yake. Nimekaa kimya kwa sababu muswada wako wa filamu nimeusoma nikaurudia, na kuna jambo limenikaa moyoni. Bora nikwambie kabla Juma hajakodi kamera.

Matukio umeyapanga vizuri: mkopo wa kausha damu, mume kutoroka, soko kuungua. Ila Mwajuma mwenyewe, mhusika wako mkuu, simjui. Mtoe, umweke mwanamke mwingine yeyote, hakuna kitakachobadilika.

Unamkumbuka jirani yetu wa barafu? Wadai walipokuja kubeba friji lake hakupiga kelele. Aliwaomba wangoje, akapiga magoti, akatoa vifuko vya samaki alivyowekewa na watu, akaita mmoja mmoja: "Wa Mama Asha hawa. Wa fundi hawa." Vilipokwisha ndipo akasema, "Haya, bebeni." Mimi tangu siku ile namjua. Hata leo mumewe akitoroka naweza kukwambia atamficha nani habari hiyo, na atamwambia nani. Sasa Mwajuma wako je?

Mike Leigh, yule mwongozaji wa Uingereza, huanza bila muswada. Hukaa na waigizaji miezi, wanajenga maisha ya mhusika, na kila mwigizaji anajua yale tu ambayo mhusika wake anayajua. Kwenye filamu yake Vera Drake ya 2004, waliocheza familia ya Vera hawakujua kwamba mama yao anawatoa wanawake mimba kwa siri, mpaka waigizaji waliocheza polisi walipobisha hodi katikati ya mazoezi. Kisa kikazaliwa pale pale, kwa watu ambao walishakuwa watu.

Miezi hatuna, najua, na Juma ataanza habari za bajeti. Lakini Saumu si ndiye atakayemcheza Mwajuma? Mpe hata wiki moja tu akae sokoni auze, abishane na wateja, akope chumvi kwa jirani. Na ule moto... nahisi ukishamjua Mwajuma hutauhitaji.

Hebu niambie: alikopa kwa ajili ya nini hasa? Nani nyumbani hajui kama amekopa? Kitu gani hawezi kukiuza hata alale njaa? Anamwogopa nani zaidi, wadai au mama mkwe? Tarehe ya kushuti imeshapangwa? Nije Jumamosi tukae na Saumu?

Wako,
Tatu