YAH: Leja yetu kutoka vipande vipande kwenye mfumo wenu

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro, na mfumo wenu tunautumia mwaka wa tatu sasa. Kwa kuingiza miamala sina neno nao. Kazi ni kuitoa.

Mkaguzi alitaka miamala yote ya mwaka kwenye faili moja. Kitufe chenu cha "Pakua" hutoa mistari 500 kwa mara moja, basi nikashinda siku mbili nikibofya ukurasa mmoja mmoja na kuunga vipande. Jumla ikakataa kulingana na ya mfumo. Kutafuta, nikakuta rejesho la shilingi 150,000 limekaa mstari wa mwisho wa kipande kimoja na mstari wa kwanza wa kinachofuata, namba ya muamala ileile. Hapa hahitajiki mganga. Orodha yenu huanza na muamala mpya, na kila ukurasa mfumo huiuliza upya kanzidata, yaani ghala linalotunza data zote. Mimi napakua, keshia yuko dirishani anapokea fedha. Muamala wake ukiingia juu, iliyo chini yote inasogea, wa mwisho unajirudia ukurasa wa pili. Ukifutwa mmoja, mwingine unarukwa, na huo uliorukwa hauachi hata nyayo.

"Pakua zote" ndiyo usiseme. Inatoa faili la Excel la zamani, xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Sisi tumeshapita hapo. Mfumo unakata palepale, unaandika "Imekamilika" kwa rangi ya kijani. Na mwanachama namba 00417 humo amekuwa 417, simu zote zimepoteza sifuri ya mbele.

Fundi wenu alinishauri nipakue usiku, keshia akiwa amelala. Fundi huyohuyo ndiye aliyeniambia kanzidata yenu ni PostgreSQL. Sasa PostgreSQL ina amri ya COPY: inachukua matokeo ya swali zima, hata likiwa limeunganisha jedwali la wanachama na la mikopo, inayamwaga kwenye CSV, faili la maandishi matupu lenye safu zilizotengwa kwa mkato, kwa mkupuo mmoja, yakiwa kama yalivyokuwa swali lilipoanza. Keshia aendelee na kazi yake. Siombi kupewa amri hiyo mkononi. Wekeni fomu mbele yake, nichague kipindi, tawi na safu ninazozitaka, kisha skrini inionyeshe idadi ya mistari na jumla ya fedha nilinganishe. Kwa wapenzi wa Excel toeni xlsx, aina mpya ya faili la Excel, inayobeba mistari zaidi ya milioni moja, na namba za simu na za uanachama ziwekwe kama maandishi.

Mkaguzi anarudi tarehe 14 mwezi ujao. Nahitaji faili kamili kabla ya hapo. Ile ankara ya shilingi 400,000 mliyonitumia, ya "huduma ya kutolewa data", nimeiambatisha kwenye barua hii. Siilipi.

Wenu,
Mhasibu